Nani Aliwauliza Watu wa Chundwa?

Nilikwenda Chundwa, kisiwani Pate, kuhudhuria arusi. Usiku, baada ya sala ya Isha, tukaketi barazani karibu na msikiti. Kijana mmoja wa sekondari akasema kwamba demokrasia ni mali ya Wayunani wa kale, yaani Wagiriki, na sisi watu wa pwani tumeletewa na Mzungu. Mgeni kutoka Amu akamkatiza: "Mwanangu, Amu kulikuwa na Yumbe kabla babu yako hajazaliwa. Waungwana walikaa wakashauriana, sultani hatukuwa naye." Wote wakanigeukia mimi, eti mwandishi ndiye anayejua. Sikuwa na jibu usiku ule, na jibu nililo nalo leo halitamfurahisha hata mmoja wao.

Kijana ana haki yake. Neno lenyewe ni la Kiyunani: "demos" ni watu wa mji, "kratos" ni nguvu. Katika mji wa Athens, mwaka 594 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.), Solon alifuta madeni yaliyowafanya maskini kuwa watumwa wa matajiri. Yapata mwaka 508 Cleisthenes akaupanga mji upya, na kukawa na baraza la watu 500 waliopatikana kwa kura ya bahati. Juu yake ulikuwapo mkutano wa raia wote kilimani Pnyx, ambapo raia yeyote aliweza kusimama akasema.

Lakini kilichompa maskini sauti hasa kilikuwa vita, tena vita vya baharini, na hili msomaji wa pwani atalielewa upesi kuliko profesa. Mwaka 480 Waajemi walishindwa huko Salamis. Kila jahazi la vita la Athens lilikuwa na wavuta makasia wapatao 170, wengi wao watu wasio na shamba wala farasi. Mtu aliyeuokoa mji kwa mikono yake hunyamazishwi kwa urahisi. Aliyevuta kasia akadai na neno lake.

Na neno hilo, waama, halikuwa la amani siku zote. Mwaka 427 mkutano ulipiga kura kuwaua wanaume wote wa mji wa Mytilene ulioasi, na jahazi likaondoka na amri. Kesho yake watu wakajuta, wakapiga kura tena, wakatuma jahazi la pili, wavuta makasia wakila huku wanavuta, nalo likawahi kwa nafasi ndogo mno. Mwaka 416 hapakuwa na jahazi la pili. Kisiwa kidogo cha Melos kilitaka kutokuwa upande wowote katika vita vya Athens na Sparta. Wanaume waliotekwa wakauawa, wanawake na watoto wakauzwa. Mwaka uliofuata wakapiga kura kwenda kuivamia Sicily, na huko jeshi lao likaangamia. Mwaka 404 Athens ikasalimu amri kwa Sparta. Hakuna mfalme aliyewaponza, walijiponza wenyewe.

Sasa tuje Amu. Mgeni wetu hakusema uongo. Mji uliendeshwa na wazee wa Yumbe, na pande zake mbili, Zena na Suudi, zilipokezana uongozi. Mji huo ndio uliowashinda watu wa Pate na Wamazrui wa Mombasa ufukweni Shela, yapata mwaka 1812. Husimuliwa kwamba maji yalikupwa, majahazi ya wavamizi yakakwama mchangani. Ila angalieni kilichofuata. Athens iliposhinda ilikwenda kuwatawala wengine. Amu iliposhinda iliogopa kisasi, ikamwomba Seyyid Said wa Oman ulinzi. Liwali akaja, askari wakaja, na ngome ikamalizika yapata mwaka 1821. Mlinzi aliyealikwa mlangoni akahamia ukumbini.

Na katika Yumbe, nani aliyeketi? Wanaume waungwana. Mtumwa hakuwamo, mwanamke hakuwamo, mgeni hakuwamo. Athens ilikuwa hivyo hivyo, neno kwa neno. Basi kijana na mgeni walikuwa wakishindania nyumba mbili zenye mlango mwembamba ule ule.

Haya niliyawaza baadaye. Barazani usiku ule aliyesema la maana ni mzee mmoja wa Chundwa aliyekuwa kimya muda wote. "Pate na Amu walipopigana," alisema, "sisi huku nani alituuliza?"

Tangu Katiba ya 2010 na uchaguzi wa 2013 Lamu ina serikali yake ya kaunti, na kila mtu mzima wa Chundwa, mwanamume na mwanamke, ana kura. Ni jambo kubwa ambalo si Athens wala Yumbe waliowahi kulitoa. Lakini mimi naona swali la mzee halijajibiwa. Kupiga kura mara moja kwa miaka mitano ni kitu kimoja. Kuulizwa kabla jambo halijaamuliwa, wakati jahazi halijang'oa nanga, ni kitu kingine, na hilo ndilo viongozi wetu hulikwepa.

Nilitaka kumwambia mzee habari za Melos, lakini nilitanguliwa. Sauti ya mama mmoja ilitoka nyuma ya dirisha: "Na nyinyi, arusi hii mlituuliza siku gani?" Baraza zima likacheka, isipokuwa mzee, ambaye alikuwa babu wa bwana arusi.