Lami ndani ya Aberdare: waru zipite ama ndovu wabaki?

Form yako ya wikendi tunaijua. Mbogi inachanga doo, mnakodi mathree mapema Kanairo, mnapanda Aberdare, mnapiga picha pale Karuru, maporomoko ya mita 273, jioni nyama choma mkirudi. Poa sana. Lakini kuna story inaendelea huko juu na inakuhusu hata kama hujawahi toka Umoja.

Serikali inataka kuweka lami barabara ya Ihithe hadi Ndunyu Njeru, kama kilomita 52, iunganishe Nyeri na Nyandarua. Noma ni kwamba inakatiza katikati ya msitu na mbuga ya Aberdare. Januari 2024 NEMA ikatoa leseni. Watetezi wa mazingira wakaenda korti, na hapo ndipo vuta nikuvute ikaanza.

Sasa usikimbilie kumtusi mkulima. Buda wa Nyandarua ana waru na kabeji shambani, na Nyeri iko hapo tu ng'ambo ya mlima. Lori lake linazunguka mpaka upande wa Nyahururu. Mafuta yanamla, broka anamla, mvua ikizidi mzigo unaoza. Ungekuwa wewe, ungetaka njia ya mkato pia.

Lakini lami haileti gari pekee, inaleta spidi. Ndani ya Aberdare kuna ndovu, faru weusi na bongo wa mlimani, yule swara mkubwa wa mistari myeupe. Porini wamebaki chini ya 100 dunia nzima, na wote wako Kenya. Lori la usiku halingoji bongo avuke. Na nyuma ya lori huja vibanda, magunia ya makaa na msee mwenye pawasoo.

Halafu kuna fensi. Kuanzia 1989, Rhino Ark na washirika wao walichangisha pesa wakazungusha huo msitu waya wa stima, karibu kilomita 400. Kazi iliisha 2009. Ilikuwa ndovu wasimalize mahindi ya cucu, na watu wasimalize miti. Miaka 20 unajenga ukuta, halafu unatoboa barabara kuu katikati?

Na wewe wa Kanairo, fungua mfereji. Mabwawa ya Sasumua na Ndakaini yanajazwa na mito inayotoka Aberdare. Hiyo milima ikiguswa vibaya, jerikeni zitapanga laini mtaani kwenu, si Nyeri pekee.

Cheki hii pia: Ihithe, mahali barabara inaanzia, ndiko alikozaliwa Wangari Maathai 1940. Huyo ndiye mathe aliyepigwa akitetea Karura 1999, akashinda Nobel 2004. Kama kuna kijiji kinajua bei ya mti, ni hicho.

Maoni yangu ni haya. Watu wanaiuza hii story kama maendeleo dhidi ya miti, na hapo ndipo tunachezwa. Swali la maana ni mbona barabara za kuzunguka msitu zisitengenezwe kwanza ziwe safi, na mkulima ajengewe stoo ya kuhifadhi waru karibu na shamba, asiuze kwa bei ya hasara. Hapo buda anapata doo na bongo anabaki.

La pili, vijana wa Ihithe wanakula nini kutoka kwa huo msitu? Ada ya kuingia mbuga inalipwa eCitizen, inaenda juu. Jirani anabaki na baridi na ndovu. Msitu usiomlisha jirani utakosa wa kuutetea siku greda likifika.

Hapo unaweza kusaidia bila kushika bango. Ukipanda tena, lipa gaidi wa huko, lala kwa wenyeji, nunua chakula Nyeri badala ya kubeba shopping yote kutoka Kanairo. Na ukisikia kesi imetajwa, usiskroli. Hiyo ni maji yako inaongelewa.