UZI: Mabosi wanatupanga upya, wodini hawajawahi kushuka

1/ Mimi ni nesi, hospitali binafsi hapa hapa Kariakoo. Jina silitaji, kibarua bado nakihitaji. Ila huu "muundo mpya" umenifika shingoni.

2/ Tusidanganyane, hali ni ngumu kweli. Kitita kipya cha NHIF kilipoanza tarehe 1 Machi 2024, hospitali binafsi zililia, zingine zikagoma kupokea kadi. Sikatai kwamba hela imepungua. Nauliza tu, mzigo anabebeshwa nani?

3/ Tumeitwa ukumbini. Mtaalamu wa kukodi, projekta, maboksi na mishale. Wodi mbili zinakuwa moja. Usiku tulikuwa manesi watatu, sasa wawili. Nikauliza: na wagonjwa wamepungua? Jibu: "Sista, tuwe na mtazamo chanya."

4/ Bosi, mtazamo chanya hautundiki dripu. Njoo saa nane usiku. Analetwa kuli, kaangukiwa na mzigo akishusha lori Mtaa wa Kongo. Dakika hiyohiyo mama wa kitanda cha sita anabanwa kifua. Mwenzangu kafuata damu. Nimebaki peke yangu. Boksi lipi kwenye projekta litamshika yule mama?

5/ Chai ya manesi wa usiku imefutwa, tunaambiwa ni kubana matumizi. Gari la mkurugenzi liko palepale, linanguruma na AC.

6/ Sasa manesi wenzangu, someni hapa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 38: kabla ya kupunguza watu, mwajiri atoe taarifa, aeleze sababu, ashauriane na wafanyakazi au chama chao: tunaepukaje, wanaoondoka wanachaguliwaje, lini, wanalipwa nini. Kusomewa majina ukumbini siyo kushauriana.

7/ Ukiachishwa, una siku 30 tu kufika CMA. Kiinua mgongo si chini ya mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka kamili, mwisho miaka 10. Usisaini "nimeacha kwa hiari" eti kwa sababu HR kakuchekea.

8/ Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ombi langu ni moja: kabla hamjagusa ratiba, bosi mmoja akeshe na sisi usiku mmoja. Aje na raba, viatu vya kung'aa aviache nyumbani. Asubuhi tuzungumze huo muundo.