Josho la Zamani Lisigeuzwe Shamba

Katika skimu nyingi kuna josho lililojengwa zamani za mashamba makubwa, ambalo sasa limekauka. Watoto wakiwa wengi na ardhi haba, watu huona ni hasara kuacha kipande hicho bure. Hufukia shimo, hulima, kisha hupanda sukuma wiki. Kwa maoni yetu, hilo si jambo la busara.

Dawa ya kwanza ya kuua kupe ilikuwa aseniki. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikaja toksafeni, ambayo mataifa yaliipiga marufuku kwa Mkataba wa Stockholm wa 2001. Maji ya josho yalimwagwa kando, na ng'ombe wakachuruzika uwanjani. Sumu hizo hukaa udongoni miaka mingi.

Wengine husema siku hizi kuna maarifa ya kusafisha. Ni kweli, lakini kila sumu ina dawa yake. Toksafeni huweza kuliwa na vijidudu vya udongoni. Katika nchi ya Wanavajo, Marekani, udongo wa majosho ulichanganywa na maji na damu ya mifugo iliyokaushwa na kusagwa, ukafunikwa usipate hewa. Vijidudu vikaivunja sumu. Lakini aseniki hailiwi ikaisha. Katika maji huondolewa kwa umeme: mabamba ya chuma hutiwa majini, umeme hupitishwa, chuma hutoa kutu, na kutu huishika aseniki na kuzama nayo. Huko Dhapdhapi, India, mtambo wa namna hiyo, wa lita 10,000 kwa siku, ulianza kazi shuleni 2016. Hata hivyo matope ya kutu yana sumu, na yataka wenye ujuzi.

Basi kazi ya kwanza ni kujua sumu ni ipi. Kamati ya josho na imwone Bwana Shamba, udongo na maji ya kisima cha karibu yapelekwe kupimwa. Semeni wazi kwamba mwataka kupimiwa aseniki na toksafeni, maana kipimo cha kawaida cha mbolea hakizionyeshi. Kabla ya majibu, zungusheni ua, msilime, wala msichukue mawe ya josho kujengea. Tena msidanganyike: kuchemsha maji hakuondoi aseniki.

Kipande kidogo kisicholimwa ni hasara ndogo. Afya ya watoto wenu ikiharibika, hakuna mavuno yatakayoilipa.