Wanachuo Wapewe Jioni, Si Geti Tu

Fomu ya kujiunga na chuo humtaka mwanachuo mpya aje na godoro, ndoo, jembe au fyekeo, na nakala za vyeti vyake. Humo humo kuna mstari kuhusu pombe: ni marufuku. Mzazi anausoma, anaridhika, analipa ada. Hapana popote katika fomu hiyo panapoelezwa kijana huyo atafanya nini kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa nne usiku, siku saba za wiki, kwa miaka miwili au mitatu.

Tunazungumzia vyuo vidogo vya vijijini: vya ualimu, kilimo, mifugo, uuguzi, maendeleo ya jamii. Vile ambavyo basi linakushusha barabara kuu na safari inamaliziwa kwa bodaboda. Mwanafunzi wa Dar es Salaam au Dodoma asiyetaka baa ana pengine pa kwenda, hata kama ni kwa shangazi tu. Wa kijijini ana bweni, bwalo, na darasa ambalo nusu ya taa zake zimeungua. Nje ya geti ipo grosari. Grosari ina taa, ina muziki, ina luninga ya kuonyesha ligi, ina meza ya pool na jiko la kitimoto au mishikaki. Kwa kijana wa miaka 20, mashindano hayo yameisha kabla refa hajapuliza filimbi.

Tulio nje tunapenda kusema kwamba vijana wa siku hizi wameharibika. Ni maneno rahisi, na hayamgharimu anayeyasema hata senti.

Vyuo hivi viliwekwa mbali kwa makusudi. Mpwapwa kilianza mwaka 1926. Murutunguru kipo kisiwani Ukerewe, Katoke kipo Muleba, na Mweka, kinachofundisha uhifadhi wa wanyamapori, kilifunguliwa mwaka 1963 kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Wamisionari na wakoloni waliamini kwamba mwanafunzi akikaa mbali na mji atasoma na kusali. Serikali ya baada ya uhuru ilikuwa na hoja yake, nayo nzuri zaidi: atakayewatumikia wanakijiji afundwe kijijini. Lakini ni kijiji gani cha Tanzania kilichowahi kukosa pombe? Uchaggani kuna mbege, ya ndizi na ulezi, iliyotiwa ukali na gome la msesewe. Iringa na Njombe mvua zikinyesha mianzi hutoa ulanzi. Nyanda za juu kuna komoni, Kagera kuna rubisi, Singida na Tabora kuna wanzuki wa asali. Kusini msimu wa korosho huleta mabibo, mabibo huleta uraka, na uraka ukikokewa moto unageuka nipa.

Pombe hizo zina taratibu zake huko kwao. Mbege ina mwenye nayo, ina mzee anayeonja kwanza, ina posa, ina msiba, ina kikao cha ukoo. Kijana wa hapo akilewa mbele ya baba yake mdogo, kesho ataulizwa. Mwanachuo hayumo katika mtandao huo. Ni mgeni aliyekuja na pesa, hana mjomba kilabuni, na asubuhi hakuna wa kumuuliza. Anakipata kinywaji cha kijiji bila nidhamu ya kijiji. Hapo ndipo penye shida, na fomu ya kujiunga haipagusi.

Tusimsahau pia mama mwenye pipa la komoni. Chuo kikifunga, biashara yake inalala. Kikifungua, mtoto wake analipiwa michango ya shule. Diwani anajua, mwenyekiti wa kijiji anajua, na ofisa biashara wa halmashauri anayepitisha leseni za vileo anajua. Kijiji kinakula kwa jasho la chuo, halafu wakubwa wa chuo wanakishitaki kijiji kwa kuwaharibia vijana. Hatujasikia vikao vingi ambavyo pande hizi mbili zimekaa meza moja, zikakubaliana hata jambo dogo kama saa ya kuzima muziki katika wiki ya mitihani.

Na kuna jambo la aibu ambalo wakufunzi wenyewe hulizungumza kwa sauti ya chini. Grosari ya kijiji mara nyingi ni moja. Mkufunzi aliyefundisha maadili ya kazi saa nne asubuhi yuko kaunta saa mbili usiku, na mwanachuo yuko meza ya nyuma. Wapo wanaojifanya hawajaonana. Wapo wanaonunuliana. Mkufunzi ni mtu mzima, na pesa ni yake, hatumkatazi bia. Lakini chuo kinachomfukuza mwanachuo kwa kosa analolifanya mkufunzi wake kila Ijumaa, tena katika jengo lile lile, hakifundishi nidhamu. Kinafundisha cheo.

Nani basi anayeshindana na grosari jioni? Ukweli ni kwamba ni vikundi vya dini. UKWATA, TYCS, CASFETA na jumuiya za wanafunzi wa Kiislamu ndizo zinazokusanya vijana baada ya chakula cha jioni, kwa kwaya, kwa darsa, kwa ibada ya katikati ya wiki. Tunavipongeza. Bila vikundi hivyo vyuo vingi vingekuwa kimya kama kijiji baada ya mnada. Ila mwanachuo asiye wa kwaya wala wa darsa amebaki na njia mbili: kutoka kwenda kwenye muziki, au kulala kitandani na simu akijaza mkeka wa kubeti. Huyu wa pili hatumwiti mlevi, ingawa pesa ya kujikimu inamwisha haraka kuliko mwenzake wa grosari.

Dawa iliyozoeleka ni geti. Linafungwa saa kumi na mbili, mlinzi anaandika majina, mwalimu wa zamu anapita mabwenini. Waliokusudia kunywa wanatumia njia ya panya nyuma ya shamba la chuo. Na kwa kuwa hawawezi kurudi na harufu, wanakunywa kwa haraka, wanakunywa kikali, wanakunywa gizani. Anayezidiwa hapelekwi zahanati, kwa sababu kumpeleka ni kumfukuzisha. Anafichwa chini ya blanketi na kuombewa asitapike. Hilo ndilo linalotutisha kuliko bia yoyote ya Jumamosi. Gongo ni haramu nchini kwa sheria ya mwaka 1966, na bado linapikwa. Anayelinunua hana namna ya kujua limechanganywa na nini. Mwenye sumu ya pombe mwilini anahitaji mganga usiku huo huo, hawezi kusubiri barua ya kujieleza.

Wasichana wana shida yao ya ziada. Bia ya msichana wa chuo kijijini mara nyingi hulipwa na mtu mwingine: mfanyabiashara wa mazao, dereva wa lori, mtumishi mwenye pikipiki. Bia hiyo ina riba. Njia ya kurudi bwenini haina taa, na geti likiwa limeshafungwa, msichana aliyechelewa nusu saa ana hiari mbili: akamatwe, au akalale alikokuwa. Chuo kinachofunga geti bila kuwa na utaratibu wa kumpokea aliyechelewa kinamkabidhi msichana huyo kwa yule yule kinayedai kumkinga naye.

Majirani zetu wa Kenya wamechukua njia nyingine. Sheria yao ya vileo ya mwaka 2010 inataka baa iwe angalau mita 300 kutoka shule za walio chini ya miaka 18, kipimo ambacho hakiwahusu wanachuo. Mwaka 2025 serikali yao ilitangaza sera inayopendekeza umri wa kunywa upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21. Hapa kwetu hatujafika huko, lakini maneno yanayofanana na hayo yameanza kusikika.

Kabla hatujaiga, tuwatazame Marekani, wenye vyuo vidogo vya mashambani vingi kuliko sisi. Sheria yao ya mwaka 1984 ilizibana fedha za barabara za jimbo lolote lisiloweka umri wa miaka 21, na kufikia 1988 majimbo yote yalikuwa yametii. Vifo vya vijana barabarani vilipungua, na hilo ni jema kubwa ambalo halipuuzwi. Chuoni mambo yalikwenda kivyake. Pombe ilihama baa na kuhamia chumbani na kwenye nyumba za vyama vya wanafunzi wa kiume, ambako hakuna mwenye kaunta wa kusema basi, inatosha. Mwaka 2008 wakuu wa vyuo zaidi ya mia moja, wakiongozwa na John McCardell aliyewahi kukiongoza chuo cha Middlebury huko Vermont, walitia saini tamko la kutaka mjadala wa umri huo ufunguliwe upya. Chuo cha Dartmouth, kilicho katika mji mdogo wa Hanover, kilipiga marufuku pombe kali mwaka 2015, umri wa miaka 21 ukiwa sheria kwa muda mrefu. Kama sheria peke yake ingetosha, chuo hicho kisingehitaji katazo jingine.

Sisi wenyewe tuna mfano wetu. Viroba, ile pombe kali ya vifuko vidogo, vilipigwa marufuku Machi 1, 2017. Lile lilikuwa katazo zuri, kwa sababu liligusa bei na kipimo: mwanafunzi mwenye shilingi chache hakuweza tena kununua pombe kali inayoenea kwenye mfuko wa shati. Wenye viwanda wakaleta chupa ndogo, lakini chupa ni ghali zaidi na haifichiki kirahisi. Katazo linalofanya kazi ni lile linalomgusa muuzaji. Lile linalomwinda mnywaji usiku na tochi linamfundisha kukimbia tu.

Tunataka nini? Tunataka bajeti ya chuo iwe na fungu la jioni kama ilivyo na fungu la chaki. Maktaba iwe wazi hadi saa nne usiku, yenye taa zinazowaka. Bwalo lisifungwe baada ya ugali. Libaki wazi, kuwe na chai, karata, bao, luninga ya chuo yenye ligi ile ile inayoonyeshwa grosari. Mpira usisubiri bonanza la mara moja kwa mwaka. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilipoanzishwa mwaka 1975 kwa mfano wa Sweden, ngoma, maigizo na majadiliano ya pamoja vilihesabiwa kuwa sehemu ya elimu. Fikra hiyo haikuzeeka, tumeiacha kabatini.

Tunajua jibu la wakuu wa vyuo: ruzuku haitoshi hata kwa maharage. Tunalikubali kwa sehemu. Lakini kubadilisha taa za darasa, kuacha mlango wa bwalo wazi na kumpa mwalimu wa zamu kazi nyingine zaidi ya kuhesabu vichwa havihitaji mfadhili.

Jambo moja halihitaji hata shilingi. Wakuu wa vyuo watangaze kesho asubuhi mstarini kwamba mwanachuo atakayemleta mwenzake aliyezidiwa na pombe zahanati au kwa matroni, yeye na mgonjwa wake hawataadhibiwa kwa usiku huo. Vyuo vingi vya Marekani vimeweka kanuni ya namna hiyo baada ya kuzika vijana. Sisi tusisubiri mazishi. Wizara zinazosimamia vyuo hivi ziiandike kanuni hiyo katika fomu ya kujiunga ya mwaka ujao, chini kidogo ya ule mstari wa marufuku, ili na mzazi aisome.