TAMKO LA TAWI: MPANGO WA SHULE UANZE NA DAFTARI LA MAHUDHURIO



Ujumbe huu ni mrefu kuliko kawaida yetu. Wenye simu wawasomee wasio na simu. Walioko machimboni watumiwe pia, kwa sababu sehemu kubwa inawahusu wao.

Mkutano mkuu wa kijiji unakaribia. Kwenye ajenda ipo taarifa ya taaluma na mpango wa kuinua ufaulu wa shule yetu ya msingi. Mjumbe wa kamati ya shule alitupitisha kwenye mpango huo. Unasema ufaulu wa darasa la saba utapanda, kambi ya watahiniwa itaanza mapema, mitihani ya majaribio itakuwa kila mwezi na wazazi watachangia karatasi. Chini kuna saini na muhuri. Maoni ya tawi ni kwamba tusiupigie makofi kama ulivyo, na sababu tuziseme mkutanoni, kwa adabu, mbele ya walimu. Tusizipeleke kijiweni.

Mpango mzima umetaja utoro mara moja tu, na hapo umetajwa kama kosa la wazazi. Hakuna mahali panapoonyesha watoto wangapi walioandikishwa wanafika kweli darasani, mwezi gani wanapungua na wanakwenda wapi. Sisi wote tunajua. Desemba wako shambani na ng'ombe wa kulimia. Aprili na Mei wanalinda ndege kwenye mpunga. Miezi iliyobaki, wavulana wa darasa la tano na la sita, na sasa hata wasichana, wako mialoni.

Hapa tuongee bila kuzungukana. Katika ukanda huu wa dhahabu, kuanzia Kahama na Msalala hadi Nyarugusu na Lwamgasa kule Geita, mtoto anayekosa shule mara nyingi hakupotea. Anabeba maji, anaponda mawe, anasukuma viroba kwenda kwenye karasha, anaosha marudio. Wengine wanashika zebaki kwa mikono mitupu. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto kwenye machimbo madogo ya Geita, Shinyanga na Mbeya, dunia nzima ikasoma mambo ambayo sisi tulikuwa tunayaona tukienda sokoni. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtoto kufanya kazi ya hatari, na uchimbaji madini umetajwa humo waziwazi. Sheria haina shida. Shida ni kwamba baadhi ya wenye maduara na wenye mialo wana kadi ya chama hiki. Mimi ninayeandika nimewahi kununua marudio yaliyobebwa na watoto saa nne asubuhi, siku ya Jumanne, na sikuuliza kwa nini hawako shule. Nililipa nikaondoka.

Tulipolijadili hili kwenye kikao cha tawi, mzee wetu mmoja alisema: mtoto akirudi jioni na elfu mbili, nyumba inakula, nyie mnataka nyumba ile nini? Kikao kilikaa kimya. Hoja hiyo hatuwezi kuipita kwa hotuba.

Jibu tulilolipata ni dogo, ila linawezekana: chakula shuleni. Tangu Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ufute ada na michango ya lazima, wengi wetu tulielewa kwamba mzazi hadaiwi tena kitu. Sivyo. Waraka Na. 3 wa 2016 ulifafanua kwamba sare, madaftari na chakula cha mwanafunzi wa kutwa bado ni jukumu la mzazi. Mtoto anatoka nyumbani saa kumi na moja na nusu bila kitu tumboni, anatembea kilomita kadhaa, na saa nne anaambiwa ni mapumziko. Mapumziko ya kula nini? Mwaloni yuko mama wa maandazi, na pesa ya kununulia andazi inapatikana hapo hapo. Shule itapambana vipi na mwalo wakati haina hata kikombe cha uji?

Kwa hiyo tunapendekeza kila kaya ichangie mahindi wakati wa mavuno, kwa kiwango kitakachokubaliwa na mkutano wenyewe, na kila mwenye karasha au mwalo achangie zaidi ya kaya. Anayeshindwa asiadhibiwe kupitia mtoto wake. Mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu ya debe la mahindi, maana hapo tutakuwa tumemfukuza sisi wenyewe.

Tuje kwenye kambi. Hatuna ugomvi na mwalimu anayelala shuleni na watahiniwa, tena tunamshukuru. Lakini kambi inamfikia mtoto aliyebaki hadi darasa la saba. Aliyeachwa nyuma darasa la pili, asiyeweza kusoma sentensi ya Kiswahili, kambi haimpati, kwa sababu wakati huo ameshaondoka au anakaa nyuma akisubiri kengele. Watoto wetu wengi wanaingia darasa la kwanza wakijua Kisukuma tu. Mkoa wa Shinyanga ulishawahi kulifanyia kazi hili. Kuanzia 2014 hadi 2020 tulikuwa miongoni mwa mikoa ya mradi wa EQUIP-Tanzania, kwa fedha za Uingereza. Palikuwa na madarasa ya utayari ya miezi michache kabla ya darasa la kwanza, yakiongozwa na vijana wa kijiji hicho hicho. Walimu wa madarasa ya chini walipewa mafunzo ya kufundisha kusoma, na wazazi na walimu waliundiwa umoja wao. Waliokuja kupima waliona watoto wa madarasa ya chini wamesogea, hasa kwenye kusoma Kiswahili. Mradi ulipoisha, mambo mengi tuliyaacha yaondoke na magari yao. Vijana wa kukaa na watoto wadogo asubuhi chini ya mwembe tunao mpaka leo, na baadhi yao wamo kwenye kundi hili.

Kuhusu fedha nitasema kwa kifupi. Ruzuku ya serikali ni shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Kati ya hizo 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu na 6,000 zinakuja shuleni. Shule yenye watoto 900 inatarajia shilingi 5,400,000 kwa mwaka, yaani kama 450,000 kwa mwezi. Si nyingi, na mwalimu mkuu anazinyoosha hadi zinakatika. Lakini ziandikwe kwenye mbao ya matangazo, zilizoingia na zilizotumika, ili tukiombwa mchango tujue tunaziba pengo gani. Kuomba hesabu si kumwita mtu mwizi.

Zipo pia fedha za migodi mikubwa. Tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017, mgodi unapaswa kuandaa mpango wa huduma kwa jamii kila mwaka na kukubaliana na halmashauri. Kwa kawaida maombi yetu ni madarasa, kwa sababu jengo linaonekana na lina siku ya uzinduzi. Diwani wetu tunamwomba safari hii apeleke ombi la vitabu vya kusoma vya madarasa ya chini na jiko la shule. Na asisubiri. Wenzetu wa Kahama walidhani Buzwagi ni ya milele, ikasimamisha uzalishaji mwaka 2021.

Sasa sikilizeni kwa nini tunasema ni mwaka huu. Kwa Sera ya Elimu iliyozinduliwa mwaka 2025, elimu ya msingi inakuwa miaka sita, na elimu ya lazima miaka kumi. Mwaka 2027 darasa la sita na darasa la saba watamaliza pamoja, na Januari 2028 wataingia kidato cha kwanza kwa mkupuo mmoja. Hesabuni: hao ni watoto walio darasa la tano na la sita leo, 2026. Ndio hao hao wa mialoni. Watu watapigia kelele vyumba na madawati ya sekondari, na ni haki yao. Lakini mtoto ambaye hajaonekana darasani tangu Machi atavuka na mkupuo akiwa hajui kusoma, au hatavuka kabisa, na hakuna atakayegundua kwa sababu idadi itakuwa kubwa.

Basi mkutanoni tuombe mambo haya yaingizwe kwenye mpango. Idadi ya waliofika isomwe kila mwezi, darasa kwa darasa. Watoto wa darasa la tatu wapimwe kusoma mbele ya kamati ya shule, matokeo yajulikane. Serikali ya kijiji ipige marufuku mwalo wowote kupokea mtoto wa umri wa shule, na sungusungu waanze na mialo ya viongozi. Ikiwemo ya viongozi wa tawi hili.

Wapo watakaosema tunaleta siasa shuleni. Wenzetu wa vyama vingine wana watoto kwenye darasa lile lile. Wakisimama na hoja hii kabla yetu, tuwaunge mkono bila kununa.

Jumapili saa tisa alasiri tunakutana ofisini kupanga nani atazungumza nini. Tunahitaji angalau akina mama watatu wa kusema juu ya chakula, na mwenye mwalo mmoja atakayekubali kuanza yeye. Mwenye mwalo huyo anitafute kabla ya Jumamosi.

Katibu wa Tawi