Kazi za Ndani Uarabuni: Mkataba Usomwe Nachingwea

Unyonyaji wa wafanyakazi wa nyumbani wanaokwenda Omani na Falme za Kiarabu huanzia huku huku kwetu, siku wakala anapokubaliwa kwa maneno matupu. Nachingwea na Ruangwa fedha huonekana kwa msimu: ufuta katikati ya mwaka, kisha korosho kuanzia Oktoba minada inapofunguliwa. Katika miezi mikavu ya mfukoni, anayeahidi mshahara wa kila mwezi, na pasipoti na nauli juu yake, hana haja ya kubembeleza. Inampasa mzazi aulize: gharama hizo atazilipa nani?

Hulipa binti. Mwajiri wa Muscat humpa wakala ada kubwa ili aletewe mtumishi, ndiyo maana wapo wanaoambiwa wazi kwamba wamenunuliwa. Anayetaka kurudi kabla ya muda hudaiwa ada hiyo kwanza. Mfumo wa kafala humkaza zaidi. Ukaazi wake umo mikononi mwa kafili, yaani mwajiri anayemdhamini, na akitoka nyumbani mwake bila idhini, hata kama amepigwa, huandikwa mtoro.

Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti baada ya kuwahoji wanawake 50 wa Tanzania waliofanya kazi katika nchi hizo mbili. Karibu wote walinyang'anywa pasipoti. Wapo waliofanyishwa kazi hadi saa 21 kwa siku, wapo waliopunjwa mshahara au kunyimwa kabisa. Sheria ya kazi ya Omani ya 2003 iliwaacha nje watumishi wa majumbani.

Wengine hutaka safari hizi zipigwe marufuku. Rai hiyo ina huruma lakini haina shabaha: katazo humpitisha binti njia za panya kupitia nchi jirani, ubalozi usijue kama yupo. Tena sheria zipo. Ile ya Kukuza Huduma za Ajira ya 1999 inamtaka wakala awe na leseni, na ya 2008 inaharamisha biashara ya kusafirisha binadamu. Ila barazani kwa mzee hakuna anayeiulizia leseni, kwa kuwa wakala ni shemeji wa fulani! Mtendaji wa kijiji anayeombwa barua ya utambulisho na aiulizie yeye.

Hata manamba wa mkonge, walioandikishwa tangu 1944 na SILABU, ofisi ya kuajiri vibarua wa mashamba hayo, walikuwa na mkataba wenye muda maalumu na safari ya kurudi. Karatasi ya Kiarabu inayotiwa sahihi ndege ikisubiri haifiki hapo. Mkataba usomwe kijijini, kwa Kiswahili: jina la mwajiri, mji, mshahara kwa riali, siku ya mapumziko, mshika pasipoti, mlipa nauli ya kurudi. Nakala ibaki kwa wazazi, pamoja na nakala ya pasipoti na namba ya ubalozi wa Tanzania Muscat. Mshahara ukizuiwa, bila karatasi hizo ubalozi hubaki na neno la binti dhidi ya neno la kafili.