Mgonjwa Haulizwi Uji

Wazee walituachia neno hili: mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni wazi. Mgonjwa hana nguvu ya kuomba. Basi mwenye afya apike, ampelekee, ampe. Lakini siku hizi katika mji wetu wa Kindu tumeligeuza neno hili juu chini. Kiwete ndiye anayetembezwa kutoka biro hata biro. Kipofu ndiye anayeambiwa: «Tangazo liko ukutani, soma.» Kiziwi ndiye anayelaumiwa: «Tulipotangaza ulikuwa wapi?» Na mama aliyebeba mgongoni mtoto asiyeweza kukaa wala kusimama, yeye ndiye anayeambiwa: «Rudi kesho.» Je, ndugu wasomaji, hivi ni sawa? Mimi nasema si sawa hata kidogo.

Nisikilizeni vizuri. Leo sisemi juu ya ukosefu wa dawa, wala juu ya mishahara ya waganga. Hayo yana ugomvi wake. Nasema juu ya kitu kisichongoja ndege wala treni, nacho ni habari. Nani ana haki ya nini? Aende wapi? Siku gani? Alipe kiasi gani, au asilipe kitu? Anayejua mambo hayo akayanyamazia, amemnyang'anya maskini mali yake, ingawa mkono wake haukugusa mfuko wa mtu.

Tuanze na sheria. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 49, inasema wazee na watu wenye ulemavu wana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Mwaka 2015 nchi yetu iliingia katika Mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, na kifungu cha 21 cha Mapatano hayo chadai wapewe habari kwa namna wanayoweza kuipokea, bila kulipishwa zaidi. Tena tarehe 3 Mei 2022 ilitolewa sheria nzima ya kulinda na kuendeleza haki za watu wenye ulemavu. Mambo mazuri! Lakini sheria hiyo iliandikwa kwa Kifaransa. Bibi wa Mikelenge ataisomaje?

Labda mtu atasema: «Kifaransa ndiyo lugha ya Leta, tufanye nini?» Ndugu, soma Katiba ile ile, kifungu cha 142. Inaiagiza Serikali itangaze sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, katika siku 60 tangu sheria ilipotolewa. Kiswahili ni mojawapo ya lugha hizo nne. Hesabu siku 60 tangu tarehe 3 Mei 2022, utafika tarehe 2 Julai ya mwaka ule ule. Sasa nakuuliza wewe unayesoma ukurasa huu: umepata kuisikia sheria hiyo ikisomwa kwa Kiswahili katika mtaa wako? Katika kituo chako cha afya? Ukijibu hapana, basi ujue kwamba kuidai si ukorofi. Ni kudai deni lililopita siku yake.

Tena kuna mambo ambayo hayangoji sheria mpya. Dawa za ukoma ni za bure: Shirika la Afya Ulimwenguni linazitoa hivyo kwa nchi zote tangu mwaka 1995. Mtu mwenye baka lisilosikia maumivu, akifika mapema, hunywa dawa miezi 6 au 12 na kupona, wala hapotezi vidole. Dawa za kifua kikuu ni za bure, hata kile kinachokula uti wa mgongo na kumpinda mtoto. Dawa ya upofu wa mtoni, iitwayo ivermektini, inagawiwa bila malipo. Kampuni ya Merck iliahidi zawadi hiyo mwaka 1987. Chanjo ya polio ni ya bure, na sisi wa Maniema tusingepaswa kukumbushwa, kwa maana mwaka 2017 ugonjwa huo uliwapata watoto wa jimbo letu wenyewe. Lakini mzazi asiyejua kwamba ni bure hukaa nyumbani akingoja kupata pesa. Siku anapozipata, mguu umekwisha kupooza. Mtoto huyo ameumizwa na ugonjwa, kisha ameumizwa mara ya pili na ukimya wetu.

Namjua bibi mmoja wa ng'ambo, upande wa Alunguli, anayelea mjukuu aliyepooza. Alivuka Lualaba mara tatu kuja huku Kasuku kuuliza kama mtoto ana haki ya msaada wowote. Mara ya kwanza alikuta mlango umefungwa. Mara ya pili aliambiwa alete karatasi, lakini hakuambiwa karatasi hiyo inatolewa na nani. Mara ya tatu alimkuta kijana mmoja aliyemweleza yote kwa maneno ambayo hayangejaza nusu ya ukurasa huu. Safari tatu, nauli ya mtumbwi mara sita, na mtoto mzito mgongoni, kwa ajili ya maneno machache! Maneno hayo yangaliweza kuandikwa mlangoni tangu siku ya kwanza.

Najua majibu yatakayotolewa. Wa kwanza atasema: «Serikali haina pesa.» Sawa, lakini kusema kunagharimu nini? Chaki moja na ubao vyatosha. Wa pili atasema: «Tukitangaza, watu watakuja wengi, na dawa zitakwisha.» Ndugu, zikiisha, tujue kwamba zimekwisha, tuandike, tudai nyingine. Upungufu uliofichwa hautengenezwi kamwe. Wa tatu atasema: «Hata sheria ikijulikana, rafuni hakuna kitu.» Kweli, sheria si dawa, wala sitawadanganya. Lakini mtu asiyejua haki yake hawezi hata kulalamika. Na mahali ambapo hakuna anayelalamika, wakubwa huandika kwamba mambo ni mazuri.

Sasa nageukia kwetu sisi Wakristo, kwa maana tusiwalaumu watu wa biro tu. Jumapili, mlangoni mwa kanisa, twampa kipofu noti ndogo, kisha twaenda zetu na moyo mwepesi. Noti hiyo itakwisha kabla ya jioni. Je, umemwuliza kama amepata kuchunguzwa macho? Na wengine wetu bado wananong'ona kwamba mtoto kiwete ni laana, au kwamba mama yake alifanya jambo. Wanafunzi walimwuliza Yesu jambo hilo hilo juu ya kipofu, naye alilikataa, nasi tunalirudia! Aibu ya uongo huo ndiyo inayomfanya mama amfiche mtoto ndani, asifike kituoni wala asiandikwe popote. Na yule mgonjwa wa Bethzatha, aliyeugua miaka 38 na kulala karibu na maji ya kumponya, alikosa nini? Maji yalikuwapo. Alikosa mtu.

Basi, tufanyeje? Kila eneo la afya lina kamati yake, iitwayo CODESA, na wajumbe wanaopita nyumba kwa nyumba. Tuwafuate, tuwaulize, na kudai kwamba mtu mwenye ulemavu, au mama anayemlea mtoto wa namna hiyo, akae katika kamati. Kila shirika lichague watu wawili waende kituo cha afya na biro ya Mambo ya Jamii, waandike kwa Kiswahili: nini ni bure, nini kinalipiwa, siku gani, kwa nani. Karatasi hiyo isomwe katika matangazo ya mwisho wa Misa, kisha ipelekwe kwa wasiofika kanisani. Kipofu asomewe, kiziwi aonyeshwe kwa ishara na mtu anayemzoea, aliyelala kitandani afuatwe kitandani. Na vituo vyetu vya Kanisa viwe vya kwanza kubandika bei zao mlangoni. Tukiwadai wengine nuru huku sisi tumekaa gizani, nani atatusikia?

Ninyi mnaoketi nyuma ya meza, sisi hatuwaombi sadaka. Twawaomba mseme yale mnayoyajua. Na ninyi mama na dada mnaobeba, mnaoogesha na kulisha mchana na usiku, msirudi nyumbani na neno la «kesho» tu. Ulizeni: kesho saa ngapi, kwa nani, na karatasi gani? Mkichoka kuuliza, sisi tuende tukaulize kwa ajili yenu. Wazee walisema pia: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nasi tuongeze: kwanza mwambieni kwamba anayo.

Katekista, Kasuku